Mchoro Mpya wa Msalato

Mgeni alipiga hodi, akarudia, akapiga tena. Hakuna aliyemsikia. Mashine ya kukamua alizeti ilikuwa inanguruma, na ikishanguruma, watu wa pale huongea kwa mikono.

Mwajabu alikuwa ameinama kwenye pipa, akichuja mafuta. Alipogeuza macho aliona viatu vyeusi vinavyong'aa. Alishangaa. Msalato wakati wa upepo, kiatu kisicho na vumbi ni cha mtu aliyeshuka kwenye gari sasa hivi.

"Karibu, kaka!" alipaza sauti. "Umeleta alizeti?"

"Hapana, mama! Nimeleta habari!"

Habibu, mume wa Mwajabu, akazima mashine. Wateja waliokuwa wamekaa juu ya magunia yao wakageuka kumtazama mgeni.

"Naitwa Brighton," mgeni alisema. "Ninawatafutia watu viwanja."

"Yaani dalali," alisema Habibu.

"Wengine huniita hivyo."

"Wewe kijana," ilisikika sauti kutoka kwenye magunia. Ilikuwa ya bibi Zipora, jirani yao wa nyumba ya nyuma. "Kwenu hawasalimii wakubwa? Au salamu umeisahau garini?"

Watu wakacheka. Brighton akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, sasa tupe hiyo habari yako."

Brighton akaeleza. Alisema uwanja mpya wa ndege umeibadilisha Msalato. Jiji limechora mchoro mpya. Eneo lile lilikuwa la makazi na viwanda vidogo. Sasa litakuwa la biashara: hoteli, maduka, benki na ofisi.

"Viwanda havimo tena," alisema. "Mashine ya mafuta haimo. Nina mtu anayetaka kiwanja chenu. Atakinunua kama kilivyo, na banda lake. Ila anataka jibu kabla ya Jumamosi."

"Na baada ya Jumamosi?" aliuliza Mwajabu.

Brighton alitazama kuta za banda, akapandisha mabega. "Hapo siwezi kusema, mama. Mambo ya serikali mnayajua."

Akataja bei. Mwajabu akamtazama mumewe, akingoja amfukuze mtu huyo kwa utani. Habibu ni mtu wa utani. Akiona gunia limefungwa vibaya, humuuliza mwenyewe kama amelifunga akiwa usingizini. Lakini siku hiyo hakumtania mgeni. Alifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta, akaifuta tena, na mikono haikuwa michafu.

"Tutakujibu," alisema mwishowe.

Mashine ile ndiyo iliyowalisha. Habibu aliifunga pale wakati Msalato bado ina vichaka. Wakulima walikuja na alizeti kutoka Makutupora, Hombolo na vijiji vya mbali. Kila gunia liliandikwa jina la mwenyewe kwa mkaa. Mteja aliondoka na mafuta yake, na mashudu yanayobaki baada ya kukamua aliyaacha kama sehemu ya malipo. Mwajabu aliyauza mashudu kwa wafugaji. Kwa njia hiyo walijenga nyumba, na binti yao Salha alikuwa anasoma bweni. Mwaka huo walikuwa na mpango mkubwa zaidi. Matofali ya banda la pili yalikuwa yamepangwa uani. Walitaka kuongeza mashine.

Jioni Mwajabu alisonga ugali, akapika mlenda. Habibu alikula tonge chache, akanawa.

"Baba Salha," alisema Mwajabu, "leo umepatwa na nini?"

Habibu alitazama uani, kwenye matofali. "Tuuze," alisema.

"Tuuze? Kwa bei ile?"

"Bei ile ni afadhali kuliko kubomolewa bure."

"Nani amesema tutabomolewa?"

Habibu alishusha pumzi. Akamweleza mke wake jambo ambalo alikuwa amelificha tangu mwanzo wa msimu. Siku moja alikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kumwona mtendaji. Hakumkuta. Ukutani palikuwa na karatasi kubwa imebandikwa. Ilikuwa ramani ya mtaa wao, imepakwa rangi nyingi.

"Nikatafuta jina langu," alisema. "Nilisoma juu mpaka chini. Halikuwepo. Jina lako halikuwepo. Jina la bibi Zipora halikuwepo. Kulikuwa na nambari tupu. Halafu nikatazama pale ilipo barabara ya kwetu, mpaka hapa kwenye mashine. Pote pamepakwa nyekundu."

"Nyekundu?"

"Nyekundu. Umesahau waliobomolewa kule barabara kuu? Kwanza waliwekewa alama nyekundu ukutani. Baadaye likaja tingatinga."

Mwajabu aliweka bakuli chini. Alitaka kukasirika, akashindwa. Alimwona mawazoni mumewe akiamka kila alfajiri kuwasha mashine, akitaniana na wateja, huku akiamini kwamba itabomolewa.

"Umebeba mzigo huu peke yako msimu mzima," alisema. "Ulimuuliza mtu yeyote maana ya hiyo rangi?"

"Niliogopa jibu."

"Na mkutano? Lazima waliita mkutano."

"Wanasema gari la matangazo lilipita mara nyingi. Wewe ulilisikia?"

Mwajabu akafikiri. Hakulisikia. Wakati wa alizeti mashine haizimwi mchana. Gari la matangazo lilipita na vipaza sauti vyake vyote, na mngurumo wao ukalimeza. Mtaa mzima ulisikia, isipokuwa wao na wateja wao.

"Hatuuzi kitu kwa kuogopa rangi," alisema Mwajabu. "Kwanza tuulize."

Kesho yake walikuwa na safari ya Majengo, mjini, kununua mkanda wa mashine. Walimkuta Jayant dukani kwake, amezungukwa na mikanda, beringi na nati. Familia ya Jayant inafanya biashara Majengo tangu enzi za babu yake. Aliutoa mkanda bila hata kuuliza ukubwa.

"Huu ndio wenu," alisema. "Mashine yenu naijua kuliko mke wangu anavyonijua mimi. Mbona nyuso hizi leo? Mashine imekufa?"

"Bado," alisema Habibu. "Ila wanataka kuizika." Akamweleza yote: mchoro, nyekundu, dalali na Jumamosi.

Jayant akaacha kucheka. "Bwana Habibu, sisi tulikuwa na godauni la nafaka mtaa wa pili. Mchoro ulipobadilika, marehemu baba alikuwa karibu kuliuza kwa mtu wa kwanza aliyekuja. Mama yangu alikataa. Alimwambia, nenda ukamuulize aliyechora. Akaenda. Godauni bado lipo. Chini ni duka la shemeji yangu, juu wamepanga watu wa ofisi."

"Na mashine yetu, unafikiri itabaki?" aliuliza Mwajabu.

"Dada, mimi nauza mikanda. Sitakudanganya. Nendeni leo hii ofisi ya jiji, waulizeni watu wa mipango miji. Chukueni hati yenu na leseni. Na kuuliza ni bure."

Walirudi nyumbani kuchukua hati, wakapanda bajaji kurudi mjini. Ofisini waliketi kwenye benchi, wakasubiri zamu yao. Afisa aliyewapokea alikuwa dada mmoja kijana anayeitwa Elieth. Aliwaamkia, akawakaribisha viti, akauliza shida yao. Habibu alieleza kwa sauti ndogo, kama mtu anayesimulia ugonjwa wake.

Elieth alitandaza mchoro mezani. "Mlikuwa mnatafuta majina," alisema, "lakini mchoro wa mipango miji hauandikwi majina ya watu. Unaandikwa nambari za viwanja. Hati yenu inasema kiwanja chenu ni nambari gani?"

Mwajabu akasoma nambari. Elieth akaitafuta kwa kidole, kidole kikasimama.

"Hiki hapa."

Habibu akainama. Kiwanja chao kilikuwepo. Kona yake iliyopinda ilikuwepo. Alicheka kidogo, kisha akakumbuka. "Lakini ni chekundu."

"Ndiyo. Angalia hapa pembeni. Hii ndiyo orodha ya maana za rangi. Hebu soma, nyekundu ina maana gani?"

Habibu akasoma taratibu. "Biashara."

"Biashara. Basi. Kwenye mchoro huu, nyekundu haina maana ya kubomoa. Alama ya ukutani ni jambo jingine, na hii ni jambo jingine."

Habibu alikaa chini. Mwajabu aliona macho ya mumewe yamejaa maji, akatazama dirishani ili asimwaibishe.

"Dada Elieth," alisema Mwajabu, "yule dalali amesema viwanda havimo tena. Amedanganya?"

"Hajadanganya. Ila kuna mengi ambayo hakuyasema. Nitawaeleza, na msiponielewa, nikatizeni."

Elieth alieleza polepole. Mji unapokua, jiji hupanga upya matumizi ya ardhi: wapi watu waishi, wapi wauze, wapi pawe na viwanda. Mpango ukibadilika, mwenye kiwanja anabaki kuwa mwenye kiwanja. Hati yake haifutwi. Serikali ikihitaji kuchukua ardhi ya mtu kwa kazi ya umma, huo ni utaratibu mwingine, wenye tathmini na fidia kwa mujibu wa sheria.

"Na mashine?" aliuliza Habibu.

"Mashine yenu ilikuwepo kihalali kabla ya mchoro huu. Mna leseni. Kwa hiyo inaruhusiwa kuendelea kama ilivyo. Sikiliza maneno hayo, kaka: kama ilivyo. Haiwezi kukua hapo. Hamwezi kuongeza mashine ya pili wala kupanua banda."

Mwajabu na Habibu wakatazamana.

"Tumeshanunua matofali," alisema Mwajabu.

"Mmeanza kujenga?"

"Bado."

"Afadhali mmekuja. Mngejenga bila kibali, hilo banda jipya ndilo lingevunjwa. Hapo sasa ndipo ningeogopa alama nyekundu."

Habibu akakuna kichwa. "Basi huyu dalali kasema kweli. Mahali pamekufa. Mashine isiyokua ni kama punda mzee."

"Subiri kwanza," alisema Elieth. "Wewe unapima thamani ya mashine. Mimi nakuuliza thamani ya kiwanja. Hivyo ni vitu viwili. Mtu anayetaka kununua kiwanda cha mafuta, kwako atalipa kidogo kuliko zamani, kwa sababu hakiwezi kupanuliwa. Lakini mtu anayetaka kujenga maduka au nyumba ya wageni, zamani asingeweza kujenga pale. Sasa anaweza. Unafikiri huyo tajiri wa dalali anakimbilia nini? Mashine?"

Habibu akautazama tena mchoro.

"Anakimbilia kiwanja," alisema Mwajabu.

"Kwa bei ya mashine isiyokua," alisema Elieth. "Sisemi msiuze. Kuuza ni haki yenu, na kama ni mali ya familia, mke naye lazima aridhie. Ninachosema ni kwamba msiuze kabla ya kujua thamani. Mtafuteni mthamini aliyesajiliwa. Na msidhani kila mtaa thamani inapanda. Kuna mahali mpango ukibadilika, thamani inashuka, kwa mfano mwenye duka anapojikuta kwenye eneo lililotengwa kuwa wazi. Kila kiwanja kina habari yake. Ndiyo maana mtu hawezi kufuata ya jirani tu. Lazima aje aulize yake."

"Na matofali yetu?" aliuliza Habibu. Sauti yake ilikuwa imeanza kurudi.

"Mnaweza kujengea fremu za maduka mbele, upande wa barabara. Lakini mchoro peke yake haubadilishi masharti ya hati. Mtaomba kubadilisha matumizi ya kiwanja, mtangoja jibu, kisha mtaomba kibali cha ujenzi. Na mjue kwamba kodi ya pango la ardhi inaweza kupanda, kwa kuwa kiwanja cha biashara hakilipi kama cha makazi. Mkitaka mashine ya pili, jiji limetenga eneo la viwanda vidogo. Nitawaonyesha."

Walipotoka, Habibu alitaka kurudi ndani kumpa Elieth chochote cha shukrani. Mwajabu alimshika mkono. Yeye alikuwa ameshajaribu Habibu alipotangulia mlangoni, na Elieth alikataa hata soda. Alisema tu, "Mimi nimefanya kazi yangu, mama. Asanteni kwa kuja kuuliza."

Siku ya Jumamosi Brighton alirudi. Viatu vyake viling'aa kama mwanzo. Habibu alimletea kiti mwenyewe.

"Jibu lenu ni nini, mzee?"

"Hatuuzi," alisema Habibu. "Lakini kaa unywe chai, maana barabara yetu ina vumbi, na viatu vyako vinanitia huruma."

Brighton akacheka, ingawa alionekana kuvunjika moyo. "Sikuwadanganya, mama," alimwambia Mwajabu.

"Hukutudanganya. Ulituambia nusu. Siku nyingine ukienda kwa watu, waambie na ile nusu ya pili, kisha waache wachague."

Brighton alikunywa chai yake yote, akashukuru, akaaga kwa heshima. Safari hiyo alimwamkia bibi Zipora kabla hajaulizwa.

Mthamini alikuja katika wiki zilizofuata. Aliitwa Fabian. Alipima, akauliza bei za viwanja vya jirani, akatazama barabara. Thamani aliyoiandika ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya Brighton. Habibu aliisoma, akampa Mwajabu, akaichukua tena akaisoma upya.

Waliomba kubadilisha matumizi. Kibao cha tangazo kilisimamishwa mbele ya kiwanja ili mwenye pingamizi aseme. Hakuna aliyepinga. Jibu lilichelewa, na kuna siku walikata tamaa, lakini lilikuja. Kibali cha ujenzi nacho kikaja. Matofali ya banda la pili yakawa fremu za maduka. Ya kwanza aliipanga dada mmoja anayeitwa Evarista, akafungua duka la dawa. Watu wa mtaa waliokuwa wakipanda bodaboda kufuata dawa mjini sasa walizipata pale. Mashine ya zamani iliendelea kukamua nyuma, kama ilivyo, si zaidi. Kodi ya fremu walianza kuiweka kwa ajili ya kiwanja kidogo kwenye eneo la viwanda.

Kila Mwajabu alipopita mbele ya duka la Evarista, moyo wake ulijaa furaha. Aliwashukuru wengi kimoyomoyo: mama yake Jayant ambaye hakuwahi kumwona, na Elieth aliyewaeleza bila kuwacheka. Alimshukuru pia Habibu, aliyekubali kusema kwamba aliogopa.

Msimu mwingine wa alizeti ulipofika, bibi Zipora alikuja asubuhi moja bila gunia.

"Mjukuu wangu," alisema, "na mimi nimefuatwa. Si yule Brighton, ni mwingine. Anataka nyumba yangu. Anasema kwetu nyuma pamepakwa kijani kwenye mchoro, na kijani si pa kuishi. Mimi sijui kusoma michoro. Kiswahili chenyewe cha ofisini kinanipita, wakianza kunitolea maneno yao nitaitikia tu kila kitu."

"Usitie kidole kwenye karatasi yoyote, bibi," alisema Mwajabu. "Alhamisi nitakupeleka mwenyewe. Nitakaa na wewe, na neno usilolielewa nitakuambia."

"Una mashine. Una kazi."

"Nimesema Alhamisi. Nitakuja."

Jumatano jioni Habibu alipigiwa simu. Mfanyabiashara kutoka Kongwa alikuwa na lori zima la alizeti. Mashine yake imekufa, na alitaka kukamua kwa Habibu kesho yake, mchana kutwa. Mashudu yote angewaachia. Mzigo mkubwa namna hiyo hawakuwahi kuupata. Lakini Habibu peke yake asingeweza kuhudumia mashine na kuchuja pia, na msaidizi mwingine mwenye kujua kazi ya kuchuja hawakuwa naye.

"Mwambie aje Ijumaa," alisema Mwajabu.

"Nimemwambia. Anasema kama si kesho, anapeleka Kibaigwa."

Habibu akamtazama mkewe.

"Bibi unaweza kumpeleka Jumatatu," alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Yule mtu wake anarudi kesho kutwa na karatasi za kutia kidole. Bibi atatia, Baba Salha. Unamjua. Atamwonea huruma mtu huyo kwa kuwa amekuja mara mbili."

Habibu alivuta simu, akaishika muda mrefu bila kubonyeza. Halafu akatabasamu kidogo. "Nenda na bibi," alisema. "Nitaongea na mtu wa Kongwa. Labda atangoja."

Alhamisi Mwajabu alivaa gauni safi, akapita nyumba ya nyuma. Bibi Zipora alikuwa ameshajifunga kanga na kushika mkoba wake. Walipanda bajaji wakiwa wamebanana, bibi ameshika hati yake kifuani kama mtoto mchanga. Ofisini waliketi kwenye benchi. Zamu yao ilipofika, Elieth aliinuka akampokea bibi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi. Karibu sana. Tukusaidie nini?"

Bibi Zipora akamtazama Mwajabu. Mwajabu akaitikia kwa kichwa kumpa moyo. "Sema mwenyewe, bibi. Ukikwama, nipo."

Bibi akakohoa. Akaweka hati mezani, akaipapasa ikanyooka.

"Nimekuja kuuliza ya kwangu," alisema.

Wakati huo simu ya Mwajabu ilitetemeka mkobani. Aliitazama chini ya meza. Ulikuwa ujumbe wa Habibu. *Lori halikusubiri. Limekwenda Kibaigwa. Msalimie bibi.*

Mwajabu aliusoma, akairudisha simu mkobani. Akavuta kiti chake karibu zaidi na cha bibi Zipora, wakainama pamoja juu ya mchoro, kidole cha Elieth kikaanza kutafuta nambari.